Gari Linalosita, Vitesi Zinazogoma: Tupime Kwanza, Dawa Baadaye



Ukurasa huu wa usalama na afya umezoea kuwapa habari za malaria, maji ya kunywa, kofia ya kazi na viatu vya kazi. Leo tutasoma habari ya motokari iliyozeeka: motere inayosita na vitesi zinazokataa kuingia. Pengine utauliza: mtu wa dispensari anatafuta nini ndani ya motere? Swali lako ni la haki. Jibu langu ni habari ya usiku mmoja.

Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi katika dispensari ya kambi moja ya wachimbaji, upande wa barabara ya Kisangani kwenda Bafwasende. Tulikuwa na gari moja tu la wagonjwa, Land Cruiser ya mazutu iliyokwisha kula miaka mingi. Kwa majuma mawili shofere alikuwa akiniambia, "Dokta, gari linasita. Na vitesi zinagoma." Mimi niliandika katika kitabu cha safari: "Gari linasita." Basi. Kule garaji walibadilisha injekteri mbili kwa pesa nyingi, bila kupima kitu. Gari likaendelea kusita.

Usiku mmoja wa mvua tulimpakia mama aliyekuwa katika uchungu tangu asubuhi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na kazi hiyo ilitaka upasuaji mjini. Katika kilima cha udongo mwekundu motere ikaanza kukosa pumzi. Shofere akakanyaga ambriyaji ili arudi vitesi ya chini. Vitesi ikalia krrr, ikakataa. Gari likasimama, likarudi nyuma, na gurudumu moja likaingia katika mtaro. Hakuna aliyeumia kwa kuanguka huko. Lakini tulikaa pale mpaka alfajiri, lori la wafanyabiashara lilipokuja kutuvuta. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kesho yake fundi mmoja mzee alilegeza kizibo kidogo chini ya chujio la mazutu. Yakatoka maji, karibu glasi nzima. Kisha akatuonyesha kikopo cha mafuta ya ambriyaji: kilikuwa kikavu. Mafuta yalikuwa yakivuja tone kwa tone kwa siku nyingi. Vitu viwili vidogo! Kuvipima kungechukua nusu saa.

Sisemi haya ili kumhukumu shofere wala fundi. Mimi mwenyewe niliandika maneno mawili nikaenda kulala. Mgonjwa akija kwangu akisema "naumwa", siandiki "anaumwa" na kumpiga sindano. Namuuliza, namtazama, namsikiliza, namgusa. Ndipo natafuta dawa. Gari nalo linataka vivyo hivyo. Hilo ndilo neno la somo letu: pima kwanza, anza na kitu rahisi, kisha ndipo ununue kipande kipya.

KWA NINI MAGARI YETU YANAUGUA HIVI

Motokari nyingi za kwetu zimefika zikiwa na umri. Zingine zilikwisha kutumika nchi za mbali kabla ya kuuzwa huku. Hapa zinakutana na mambo matatu.

La kwanza ni udongo. Jua likiwaka, barabara yetu inatoa vumbi jekundu, laini kama unga wa muhogo. Vumbi hilo linaziba chujio la hewa.

La pili ni maji. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na mvua hainyamazi kwa muda mrefu. Gari linavuka vijito na madimbwi, na maji yanatafuta njia ya kuingia katika boati ya vitesi na katika viungo.

La tatu ni mafuta yenyewe. Mazutu na esansi zinapanda mto kutoka Kinshasa, safari ya kilometa 1.700 hivi, ama zinakuja kwa barabara kutoka mashariki, kwa njia ya Beni na Bunia. Njiani zinamwagwa kutoka tanki kwenda pipa, kutoka pipa kwenda bidoni, kutoka bidoni kwenda chupa za wauzaji wa kando ya barabara, wale tunaowaita Kadhafi. Kila chombo kinaongeza uchafu wake, na pipa lililoachwa wazi linaongeza maji ya mvua. Sio lazima muuzaji awe mwizi. Maji yanaingia hata kwa mtu mwaminifu.

SOMO LA KWANZA: KUULIZA

Mama akileta mtoto mwenye homa, namuuliza: ilianza lini? inakuja saa ngapi? alikula nini? Shofere ndiye mama wa gari. Gari halina mdomo, yeye ndiye anayelisemea. Jiulize maswali haya matano, uyaandike:

1. Ilianza lini? Ghafula, au kidogo kidogo?
2. Inatokea motere ikiwa baridi, ikiwa moto, au saa zote?
3. Inatokea kilimani, mahali pa sawa, wakati wa kuondoka, au ukiwa umesimama?
4. Ni vitesi zote zinazogoma, au moja tu?
5. Kabla ya ugonjwa kuanza, ulifanya nini? Ulinunua mafuta mahali pengine? Ulivuka mto? Gari lilitoka garaji?

Swali la tano ndilo tunalosahau sana. Ikiwa gari lilianza kusita siku ileile uliponunua mazutu ya bidoni, una nusu ya jibu mkononi.

SOMO LA PILI: MOTERE AU AMBRIYAJI?

Watu wengi wanasema "gari halina nguvu" na wanalaumu motere moja kwa moja. Lakini nguvu inaweza kuzaliwa vizuri katika motere na kupotea njiani kabla ya kufika magurudumuni. Masikio yako yanatosha kukuambia. Panda kilima, bonyeza pedali ya mafuta, na usikilize.

Kama sauti ya motere inashuka pamoja na mwendo, inakohoa au inaruka-ruka, basi motere yenyewe ni mgonjwa. Inakosa hewa au mafuta, au inawaka vibaya.

Kama sauti ya motere inapanda juu lakini gari haliongezi mwendo, motere ni mzima. Ambriyaji ndiyo inayoteleza. Mara nyingi utasikia pia harufu ya kitu kinachoungua.

Kama sauti ni ya kawaida lakini gari ni zito kama limefungwa kamba, simama mahali pa sawa. Sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Gurudumu moja likiwa na joto kali kuliko mengine, freni yake imekamata.

Ona basi: kwa masikio na kiganja tu umekwisha kutenga magonjwa matatu, na hujafungua bolti hata moja.

SOMO LA TATU: MOTERE INAYOSITA

Motere ya mazutu inaomba vitu viwili vikubwa, hewa safi na mazutu safi. Ifuate kwa mpangilio huu, kutoka rahisi kwenda ngumu.

Hewa. Fungua nyumba ya chujio la hewa. Likiwa limejaa vumbi, ligonge taratibu, au ulipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Vaa miwani na funika pua. Likiwa limepasuka, tafuta jipya. Usitembeze gari bila chujio hata siku moja, maana vumbi likiingia ndani linasugua silinda kama msasa.

Maji katika mazutu. Chini ya chujio la mazutu, katika magari mengi ya namna ya Land Cruiser, kuna kizibo cha kutolea maji, na juu kuna pompu ndogo ya mkono. Zima motere. Weka chombo chini, legeza kizibo, piga pompu, uyamwage yaliyo ndani katika chupa nyeupe ya kioo. Acha chupa itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko mazutu, basi yatalala chini na utaona mstari unaoyatenga. Endelea kutoa mpaka yatoke mazutu matupu. Maji yakirudi tena siku ya pili, tanki lenyewe ni chafu, linataka kuoshwa.

Chujio lililoziba. Dalili yake ni hii: mahali pa sawa gari linakwenda vizuri, lakini kilimani, motere inapotaka mazutu mengi, nguvu inakwisha. Ukipumzika kidogo linapata nafuu, kisha linaanza tena. Kama hukumbuki siku chujio lilipobadilishwa, limekwisha kukaa sana.

Kifuniko cha tanki. Tanki nalo linapumua. Tundu la pumzi likiziba kwa udongo, mazutu hayawezi kutoka vizuri. Gari likianza kusita, simama, fungua kifuniko. Ukisikia tanki linavuta hewa kwa nguvu, na baada ya hapo motere ikapata nguvu, umempata mwizi. Safisha kifuniko tu.

Hewa katika njia ya mazutu. Asubuhi motere inawaka kisha inazimika, na ukipiga pompu ya mkono inakuwa laini kwa muda kabla ya kukaza. Tafuta bomba la mpira lililopasuka au kifungo kilicholegea kati ya tanki na chujio. Mahali hapo huenda hapavuji hata tone. Panavuta hewa ndani.

Baada ya hayo, tazama moshi. Moshi ni kama mkojo wa mgonjwa, una habari nyingi.

Moshi mweusi: mazutu ni mengi kuliko hewa. Tazama tena chujio la hewa, kisha injekteri.

Moshi mweupe: asubuhi na baridi, ukiisha baada ya dakika chache, si kitu. Ukiendelea motere ikiwa moto, mazutu hayawaki vizuri. Na kama maji ya radiateri pia yanapungua bila kuvuja nje, simamisha gari. Huenda maji yanaingia katika motere.

Moshi wa buluu: motere inaunguza mafuta yake ya kulainisha. Pima kipimo kila asubuhi, na upange kuonana na fundi.

Injekteri na pompu kubwa ya mazutu zinakuja mwisho kabisa, kwa mkono wa fundi mwenye vyombo. Ni vipande vya bei kali. Usivibadilishe kwa kubahatisha, kama tulivyofanya sisi.

Mwenye gari dogo la esansi afuate njia hiyohiyo: chujio la hewa, maji katika esansi, chujio la esansi. Kisha fundi atoe bujia na kuzitazama. Bujia kavu yenye masizi meusi inasema esansi ni nyingi au hewa ni kidogo. Bujia iliyolowa esansi inasema haipigi moto. Kama motere inaruka-ruka siku za mvua tu, tazama nyaya za bujia. Usiku, mahali penye giza, waya mbovu unaonyesha cheche. Usiuguse motere ikiwaka.

SOMO LA NNE: VITESI ZINAZOGOMA

Hapa kipimo cha kwanza hakitaki chombo chochote. Simamisha gari mahali pa sawa, vuta freni ya mkono, zima motere. Jaribu kuingiza vitesi zote moja baada ya nyingine, ukikanyaga ambriyaji.

Kama motere imezimwa na vitesi zinaingia laini, lakini ikiwaka zinagoma, boati ni nzima. Ambriyaji ndiyo isiyoachia.

Kama motere imezimwa na vitesi bado ni ngumu, ugonjwa uko katika mkono wa vitesi, katika viungo vyake, au ndani ya boati.

Kipimo cha pili: washa motere, iache ipumue polepole. Kanyaga ambriyaji mpaka chini, hesabu mpaka tano, kisha ingiza vitesi ya nyuma. Ikilia krrr, ambriyaji haiachii vizuri. Piga pedali mara tatu nne, ujaribu tena. Kama sasa inaingia, kuna hewa au uvujaji katika njia ya mafuta ya ambriyaji.

Basi fungua boneti, utazame kikopo cha mafuta ya ambriyaji. Kikiwa kimepungua, tafuta yanapovujia: chini ya pedali, ndani ya gari, au katika pompu ndogo iliyo kando ya boati. Ongeza mafuta ya freni tu. Usitie kamwe mafuta ya motere, maana yanavimbisha na kuharibu mipira ya pompu. Na kujaza tu si dawa. Ni kama kumpa maji mgonjwa wa kuhara bila kutafuta kisima kilichomletea ugonjwa.

Kipimo cha tatu, kwa ambriyaji inayoteleza: mahali pa sawa, freni ya mkono imevutwa, mawe nyuma na mbele ya magurudumu, watu wote wakae mbali. Ingiza vitesi ya tatu, achia pedali polepole. Motere lazima izimike. Ikiendelea kuzunguka, diski imekwisha. Fanya hivyo mara moja tu, kwa sababu kila mara unaiunguza zaidi.

Dalili nyingine za kukumbuka:

Vitesi moja tu inalia na zingine ni nzuri: pete ya shaba ya vitesi hiyo imelika. Ni kazi ya fundi, lakini si ya usiku huo. Endesha kwa upole mpaka upate nafasi.

Vitesi zote ni ngumu asubuhi na zinalainika baadaye: mafuta ya boati si ya namna yake, au yamezeeka.

Baada ya kuvuka mto vitesi zimekuwa mbaya: mwambie fundi afungue kizibo cha pembeni cha boati. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yamwagwe yote, yatiwe mapya.

Vitesi inaruka yenyewe na kurudi katikati: boati imelika ndani, au mipira inayoshika motere imekatika. Usibebe watu mlimani na gari hilo.

Gari linagonga "ta!" kila unapoondoka au kubadilisha vitesi: tazama viungo vya chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma. Mara nyingi vinaomba grisi tu. Vikicheza mkononi, vibadilishwe.

Na wenye magari yasiyo na ambriyaji, yanayobadilisha vitesi yenyewe? Pima mafuta ya boati kwa njia iliyoandikwa katika kitabu cha gari hilo. Katika mengi ya zamani, mafuta yanapimwa motere ikiwaka na ikiwa moto, mahali pa sawa. Yakiwa yamepungua, gari linachelewa kuondoka na linashtuka. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, usingoje.

SOMO LA TANO: USALAMA WAKO WEWE UNAYEPIMA

Hapa narudi katika kazi yangu mwenyewe. Mtu anayetengeneza gari anaweza kuumia kuliko gari lenyewe. Mama, soma sehemu hii pamoja na baba, maana mara nyingi gari linatengenezwa uani, na watoto wamesimama karibu.

1. Usinyonye mafuta kwa mdomo na bomba. Esansi au mazutu yakiteleza kwenda mapafuni, hata kidogo, yanaleta ugonjwa mkali wa kifua. Ikiwa mtu amemeza, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mawese. Mlete dispensari mara moja, hata kama anasema hajisikii vibaya. Na usitie mafuta katika chupa ya limonadi. Mtoto atakunywa.

2. Usiwashe motere ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ile ya motere ya esansi ni mbaya zaidi. Inaanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha mtu analala asiamke. Ukimkuta mtu hivyo, fungua milango, zima motere, mtoe nje penye hewa, mlete. Tena, mwaka 2012 taasisi ya Umoja wa Mataifa inayochunguza saratani ilitangaza kwamba moshi wa mazutu unaleta saratani ya mapafu. Basi usisimame nyuma ya bomba ukiutazama moshi kwa karibu. Rangi inaonekana hata ukiwa mbali.

3. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Weka vigogo vya mti mgumu chini ya chasi, na mawe kwenye magurudumu.

4. Usifungue kifuniko cha radiateri motere ikiwa moto. Maji yanaruka usoni na kuunguza ngozi na macho. Ngoja ipoe.

5. Usiweke kidole mbele ya injekteri ya mazutu inapojaribiwa. Mazutu yanatoka kwa nguvu inayotoboa ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, lakini ndani nyama inaoza. Huo ni ugonjwa wa haraka wa kwenda hospitali siku ileile.

6. Usipulize vumbi la ambriyaji na la freni. Vipande vya zamani vina nyuzi za amianti ambazo zinakaa katika mapafu miaka mingi. Lowesha kwa maji, panguza kwa kitambaa. Na mikono inaoshwa kwa sabuni, sio kwa esansi.

LINI GARI LISIONDOKE?

Si kila kasoro inataka gari lilale. Lakini gari la kubeba watu, na zaidi sana gari la wagonjwa, lisiende safari ikiwa unaona moja ya haya: kikopo cha mafuta ya ambriyaji au cha freni kinapungua kila siku, vitesi inaruka yenyewe, ambriyaji inateleza kilimani, motere inazimika ovyo, maji ya radiateri yanapungua pamoja na moshi mweupe. Mwambie mkubwa wako kwa mdomo, kisha uandike. Na wewe mkubwa, shofere akikataa kuondoka kwa sababu hizo, usimwite mvivu.

Juu ya kuandika, fikiri tofauti ya maneno haya. "Gari linasita" halimsaidii fundi. Lakini ukiandika, "Tangu Jumatatu, baada ya kununua mazutu ya bidoni, gari linakosa nguvu kilimani katika vitesi ya tatu, motere ikiwa moto, sauti inashuka. Vitesi ya nyuma inalia, ukipiga pedali mara tatu inaingia," fundi anajua mahali pa kuweka mkono wake kabla ya kufungua boneti. Mimi niliandika maneno mawili ya kwanza. Wewe andika haya ya pili.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Someni pamoja jioni, kila mtu ajibu kabla ya kutazama jibu.

Swali la 1. Gari la mjomba linapanda kilima, motere inapiga kelele sana, lakini watoto wanaotembea kwa miguu wanalipita. Nini kinaumwa?
Jibu: Ambriyaji inateleza. Motere ni mzima.

Swali la 2. Fundi anasema, "Leta pesa ya injekteri nne." Wewe utamwomba nini kwanza?
Jibu: Atazame chujio la hewa, atoe maji katika chujio la mazutu, atazame kifuniko cha tanki na mabomba. Vyote vikiwa vizuri, ndipo injekteri zipimwe kwa chombo.

Swali la 3. Kijana amenyonya mazutu, amemeza kidogo na anakohoa. Jirani anataka kumtapisha. Utafanya nini?
Jibu: Nitamzuia jirani, na nitampeleka kijana dispensari mara moja.

Swali la 4. Motere imezimwa, vitesi zinaingia kama kisu katika ndizi mbivu. Motere ikiwaka, zinalia. Utafungua boati?
Jibu: Hapana. Nitatazama ambriyaji na kikopo chake cha mafuta.

Wapenzi wasomaji, wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, fungua boneti, tazama vikopo vyote, piga jicho chini kama kuna tone, na mara moja kwa juma toa maji katika chujio. Ni kazi ya dakika kumi. Hujui nani atapanda gari hilo usiku. Huenda akawa mke wa mwenzako, huenda akawa wako.

Atakayekuwa na swali aje dispensari baada ya saa za wagonjwa. Juu ya motere nitamwita fundi anijibie. Juu ya mapafu na macho, nitajibu mwenyewe.